Bendera ya Boti ya Okeyo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba kabla ya kupewa bunduki. Sajini wa kituo chetu pale Kehancha, mtu mfupi mwenye sauti iliyotoka tumboni, alinipeleka hadi chini ya mlingoti, akanishikisha kamba ya bendera, akasema, "Chacha, bunduki utaizoea. Hii usiizoee. Siku ukiizoea, omba uhamisho."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupitia mafunzo ya polisi wa utawala. Kwa vijana wasiojua, hao ndio askari waliowekwa chini ya machifu na maofisa wa tarafa, tofauti na polisi wa kituo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulilinda ofisi, tulimsindikiza chifu barazani, tulikimbizana na wapika chang'aa, ile pombe haramu, na kila asubuhi saa kumi na mbili tulipandisha bendera na jioni saa kumi na mbili tukaiteremsha.

Msidhani ilikuwa kazi ya kuvuta kamba tu. Juu kabisa ya mlingoti kuna gurudumu dogo linaloitwa roda, ambamo kamba hupita. Roda ikila kutu, bendera hukwama nusu, na watu barabarani huanza kuulizana ni mkubwa gani amekufa. Kwa hiyo tuliipaka mafuta kila wiki. Kupandisha ni kwa haraka, kuteremsha ni polepole. Bendera haigusi ardhi. Hukunjwa kwa urefu mara mbili, kisha hukunjwa tena kuanzia upande wa nje, na aliyeibeba hasalimiani na watu kwa mkono mpaka ameiweka kabatini.

Halafu kulikuwa na filimbi. Filimbi ya kwanza ikilia, kila aliyeisikia alisimama papo hapo, awe kwa miguu, kwa baiskeli, au na pipa la maji kichwani. Hakuna kukohoa wala kujikuna. Filimbi ya pili ndiyo iliyowafungua. Vijana wa leo wanadhani nasimulia mambo ya wakoloni. Ilikuwa nchi yetu, na aliyekuwa na filimbi nilikuwa mimi.

Niseme ukweli: niliipenda ile filimbi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nikipuliza, soko zima linakuwa kama picha ukutani.

Jioni moja mzee wa Kikuria alikuwa akipitisha ng'ombe wake mbele ya ofisi filimbi ilipolia. Mzee alisimama. Ng'ombe waliendelea na safari yao, wakapita kati yangu na mlingoti, na mmoja akajisaidia hapo hapo.

Filimbi ya pili ilipolia nilimwendea. "Kwa nini hukusimama?"

"Mimi nimesimama, afande. Ng'ombe ndiyo haijasoma."

Watu walicheka. Nikamwambia apige magoti kwenye changarawe mpaka giza liingie. Alikuwa wa rika la baba yangu. Kwetu, mtu wa rika la baba unampisha njia, na humwangalii hata machoni. Alipiga magoti, na ng'ombe wake walirudishwa na wapita njia. Sajini aliniona kutoka dirishani na hakunizuia. Usiku wakati wa chakula aliniambia tu, "Ile bendera wewe umeshaizoea." Sikuomba uhamisho. Nililetewa.

Nilipelekwa Migori, kwenye ofisi ya mkubwa wa wilaya, na huko nilijifunza bendera ya pili, ile ya gari. Hii ni ndogo, ya hariri, hufungwa kwenye kijiti cha chuma mbele ya gari. Mkubwa akiwa ndani ya gari, bendera hupepea. Akishuka, dereva huivika mfuko wa ngozi ambao sisi tuliuita soksi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha soksi imevuliwa kabla mkubwa hajafunga mlango. Niliwahi kusahau mara moja, na dereva akaniambia, "Unataka tuende tukiwa kama gari ya mbao?"

Wakati huo niliona ni jambo la fahari. Leo linanikera hata kulisimulia. Bendera ya watu wote inavikwa soksi kwa sababu mtu mmoja ameshuka kwenda haja! Ile ya gari ilibadilishwa kila ilipofifia kidogo. Lakini nenda shule yoyote ya msingi karibu na barabara ile ile uangalie kilichokuwa kinapepea: kijani kimekuwa njano, nyeusi imekuwa kijivu, na upande wa nje umechanika mpaka kwenye ngao. Watoto waliimba wimbo wa taifa asubuhi mbele ya kile kitambaa, na mkubwa akipita na hariri yake aliwapungia mkono.

Na zama zile zilikuwa za vyama vingi. Kijana akionekana na bendera mkononi, swali la kwanza lilikuwa, "Nani amekupa?" Nilinyang'anya nyingi. Sikuwahi kujiuliza mtu anapewaje ruhusa ya kushika kitu kilicho chake.

Kutoka Migori nilipandishwa cheo kuwa koplo na kuvushwa ziwa, kwenda kisiwa kimoja kidogo upande wa Mfangano. Sitakitaja, kwa sababu watoto wa watu nitakaowasimulia bado wanaishi huko. Kulikuwa na kituo kidogo cha serikali juu ya mwinuko, chenye ofisi, nyumba za askari, chumba cha silaha, na mlingoti. Chini yake ulikuwa ufuo ambapo wanawake walitandaza nyavu kuukuu na kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Wanaume walivua mbuta, yaani sangara, mbali zaidi, kuelekea kisiwa cha Remba na kupita.

Ofisa wa tarafa, ambaye sote tulimwita Bwana DO, hakuwa mtu wa makelele. Alizungumza taratibu, alivaa kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na alikuwa na woga mmoja tu: kwamba wakubwa wake Homa Bay wangesikia jambo la kisiwani kabla yeye hajawaambia. Mtu wa namna hiyo hukataa kila kitu, maana kukataa hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Tatizo la watu wale lilikuwa mpaka. Ziwani hakuna ua wala jiwe la alama. Mbuta wakisogea, wavuvi wanasogea nao, na doria ya nchi jirani nayo inasogea. Boti zilikuwa zikikamatwa, wavuvi wakipigwa na kuitwa maharamia, na wengine walikaa ndani miezi bila mtu kujua wako wapi. Siku moja nahodha aitwaye Okeyo alipanda mwinuko pamoja na mkewe, Mama Awuor, wakaomba kumwona Bwana DO. Nilisimama mlangoni, kwa hiyo nilisikia yote.

"Bwana DO," Okeyo alisema, kofia ikiwa mkononi, "tunaomba bendera. Moja tu, ya boti."

"Ya nini?"

"Huko kwa maji wakitushika wanauliza, 'Nyinyi ni wa nani?' Tunasema Kenya. Wanasema, 'Onyesha.' Sasa tuonyeshe nini? Samaki haina kitambulisho."

"Wewe huna kipande chako?"

"Kiko. Lakini kipande unaonyesha mtu akiwa karibu. Na huyo mtu akifika karibu, ameshakupiga. Bendera inaonekana kutoka mbali."

Mpaka leo sijasikia mtu akieleza faida ya bendera kwa uwazi kama ule. Bwana DO alipanga kalamu zake mezani. "Mzee, bendera haifungwi kwenye boti ya samaki. Ni mali ya serikali."

"Na sisi ni mali ya nani?" Mama Awuor akauliza.

"Mama, usilete siasa hapa."

"Siasa nimetoa wapi? Mimi nauza omena."

Walishuka mwinuko bila kitu. Lakini Mama Awuor alikuwa na cherehani. Ndiye aliyeshona kanzu za waumini wa kanisa lao, kanisa la Roho ambalo watu wake hutembea na ngoma na bendera zao wenyewe zenye msalaba. Mtu aliyezoea kushonea kanisa bendera haoni ajabu kuishonea boti. Wanawake wa ufuo walichanga vitambaa, na baada ya siku chache Okeyo alifunga mti mrefu mbele ya boti yake, na bendera ikapanda.

Niliiona ile shangwe kutoka juu. Wanawake walipiga vigelegele, watoto waliimba wimbo wa taifa, na wazee waliokuwa wakishona nyavu walisimama, ingawa hakuna filimbi iliyolia. Ngao ya katikati ilichorwa kwa rangi ya boti, na ilitokea nene kidogo.

"Hiyo ngao yenu inafanana mbuta yenye mayai!" mvuvi mmoja alipaza sauti.

"Afadhali mbuta," Mama Awuor akamjibu. "Ngao utakula?"

Bwana DO alitoka barazani na kikombe cha chai. "Koplo," aliniambia kwa upole wake ule ule, "ile kitu iteremshwe."

Nilishuka na askari wawili. Okeyo aliponiona alisimama wima ndani ya boti. "Afande, umekuja kupiga saluti?" Watu wakacheka, na mimi nilikuwa sijajifunza kuchekwa tangu Kehancha.

"Nimekuja kuichukua."

"Uipeleke wapi?"

"Ofisini."

"Huko iko ingine. Hapa hakuna."

Askari asiye na jibu hushika bunduki yake, nami niliishika. Mama Awuor aliingia majini mpaka magotini, akasimama kati yangu na boti, akaniita kwa Kijaluo mwana wa Kuria.

"Wuod Kuria, iangalie kwanza. Hii nyeusi ni mwamvuli ya marehemu mama yangu. Kijani ni sketi ya shule ya Awuor. Nyekundu imetoka kwa kanisa. Nyeupe ni mfuko wa unga, nimeifua mpaka maandishi ikatoka. Wewe unakamata nini hapo?"

"Mama, naweza kukamata hata boti."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyeniamuru kusema hivyo. Bwana DO alikuwa ametaja bendera peke yake.

Okeyo alitazamana na mkewe, kisha akaifungua mwenyewe. Aliikunja juu ya mapaja yake, akahakikisha hakuna pembe iliyogusa maji wala mchanga, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwenzake mtoto. Niliitia kwapani.

Ofisini Bwana DO aliitandaza mezani. "Hii si bendera, Koplo. Vipimo si sahihi, rangi si sahihi. Ni kitambaa tu."

"Tuiweke wapi, bwana?"

"Nyinyi si huwa mnahitaji vitambaa?"

Lazima nieleze hapo. Bunduki zetu zilikuwa za zamani, zenye kitako cha mti, na karibu na ziwa chuma hushika kutu haraka kuliko unavyodhani. Kila wiki tulizisafisha. Tulikuwa na kamba yenye kipande cha shaba upande mmoja na kitanzi upande wa pili. Unapitisha kitambaa kitanzini, unakichovya mafuta, unadondosha shaba ndani ya mtutu, unaivuta itokee upande wa pili. Kitambaa kikiingia cheupe hutoka cheusi. Vitambaa hivyo havikuletwa mara kwa mara, na tulikuwa tukichana fulana zetu.

Niliichana ile bendera mimi mwenyewe, kwa wembe, kwenye kizingiti cha chumba cha silaha. Askari wawili niliokwenda nao ufuoni walikuwa wamekaa pale, na mmoja akasema, "Koplo, si tungeweka tu?" Nikamwuliza kama yeye ni DO. Nguo ya mwamvuli haikunywa mafuta, tukaitupa kwenye mkebe wa takataka. Sketi ilifaa sana. Mfuko wa unga ulifaa pia.

Okeyo aliendelea kuvua, kwa sababu samaki haisubiri ruhusa ya ofisi. Haukupita muda mrefu boti zikarudi asubuhi moja bila ya kwake. Wenzake walisema doria ilitokea upande wa jua, ikawazunguka, wengine wakakata nyavu wakakimbia. Okeyo alikuwa na injini iliyokuwa ikikohoa. Walichukuliwa yeye na vijana wake watatu.

Kabla ya saa nne Mama Awuor alikuwa mbele yangu. Nyuma yake walikuwapo wanawake wengi, wengine wakiwa bado na magamba ya samaki mikononi.

"Afande, nipe bendera yetu. Tunaenda kuwafuata."

Ningeweza kumdanganya. Ningesema imepelekwa Homa Bay, au imefungiwa na Bwana DO. Sikumdanganya, lakini msinihesabie hilo kama wema. Nilidhani kwamba nikisema kwa sauti ya kiaskari, litakuwa jambo la kawaida.

"Haipo, mama. Ilichanwa. Tulisafishia bunduki."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nipe vipande. Nitaunganisha."

Niliingia ndani nikatoka na mkebe wa vitambaa. Vile vipande vilikuwa vyeusi vya mafuta na baruti, huwezi kujua kipi kilikuwa kijani na kipi kilikuwa cheupe. Mama Awuor aliinama akatazama ndani bila kugusa. Nilitaka anitukane. Alinyooka, akasema kwa sauti ndogo, "Hii siwezi kupeleka kwa watu," akageuka.

Walimwendea Bwana DO wakaomba boti ya serikali. Boti ilikuwapo, imefungwa gatini, na nilijua petroli ilikuwapo kwa sababu mimi ndiye niliyeishusha. Bwana DO alisema petroli ile imetengwa kwa ajili ya sherehe ya taifa, maana mkubwa wa wilaya angekuja na ujumbe wake na lazima azungushwe visiwani. Alisema pia kwamba mambo ya nchi za nje yana wenyewe.

Sasa niambieni, nyinyi mliosoma kuliko mimi. Mwananchi amekamatwa kwa sababu ya nchi yake, nchi yake ina boti na petroli, na petroli inangoja kumzungusha mtu ambaye hajakamatwa na yeyote. Nimezeeka na hasira hii haijazeeka.

Wanawake walikwenda wenyewe. Walikodi boti ya wanunuzi wa samaki, wakavaa kanzu zao za kanisa, wakafunga mbele bendera ya kanisa, nyeupe yenye msalaba mwekundu, wakachukua ngoma. Tuliwasikia wakiimba mpaka ngoma ikamezwa na maji. Chifu aliyekuwa ameahidi kuwasindikiza alipata homa asubuhi ile.

Walirudi baada ya siku kadhaa, na wanaume wote wanne walikuwa hai. Walikuwa wameimba na kupiga ngoma nje ya kambi ya wale askari, wakilala hapo hapo, mpaka mkubwa wa kambi akasema wachukue watu wao waende, maana watu wake wamechoka na kelele. Boti, injini na nyavu vilibaki. Okeyo alirudi na sikio moja lisilosikia na bila kazi, maana nahodha asiye na boti ni kibarua wa wengine.

Nilimkuta jioni ameketi na wenzake ufuoni, nikasimama pembeni. Alikuwa akiwasimulia. Aliniona, na hakupunguza sauti.

"Waliniuliza, 'Bendera yenu iko wapi?' Nikasema tulikuwa nayo, serikali yetu ikatunyang'anya. Omera, ndugu yangu, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Akaniambia, 'Kumbe hata kwenu nyinyi ni wageni.'" Akatema mate. "Hiyo kucheka, jamani. Fimbo nimesahau. Hiyo kucheka bado iko hapa."

Hakuna aliyenitazama. Nilipanda mwinuko, na ilikuwa karibu saa kumi na mbili, na nilikuwa na bendera ya kuteremsha.

Sherehe ya taifa ilifika. Mkubwa wa wilaya alikuja, viti vyenye vitambaa vilipangwa, watoto wa shule waliimba juani. Bwana DO alisoma hotuba yake, na katikati yake akasema kwamba serikali ilifanya kila juhudi kuwarejesha ndugu zetu wavuvi nyumbani salama. Mkubwa wa wilaya alipiga makofi. Sisi askari tulipiga makofi pia. Mikono yangu hii hapa ilipiga.

Jioni wageni walikuwa bado wameketi wakinywa soda tulipojipanga kuteremsha bendera. Mimi nilikuwa kwenye kamba. Askari mwingine alipuliza filimbi, na kwa mara ya kwanza tangu niingie kazini, watu hawakugeuka picha ukutani. Pale chini wanawake waliendelea kugeuza omena. Waliongea, walijikuna, mmoja alikuwa akimwogesha mtoto. Filimbi ililia tena, kwa nguvu zaidi. Mama Awuor aliinua ungo wake na kuupepeta.

Mtu mmoja tu alisimama. Okeyo alikuwa amevua kofia, mikono imenyooka, macho yake kwenye bendera iliyokuwa ikishuka. Ufuo haukuwa mbali na mlingoti, na upepo ulitoka ziwani, kwa hiyo nilimsikia mkewe vizuri.

"Unasimamia nani, wewe? Unasimamia hawa?"

"Hawa wacha wakunywe soda yao," Okeyo alisema, bila kugeuza shingo. "Mimi nasimamia yangu."

Bwana DO alikuwa amefika nyuma yangu. Sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha. "Koplo, shuka ukakamate wale wanawake. Sasa hivi!"

Bendera ilikuwa nusu ya mlingoti. Sheria ya kazi ni kwamba aliyeshika kamba haiachi kwa sababu yoyote mpaka bendera iko mikononi. Nilibaki pale, nikaiteremsha polepole kuliko siku zote. Kuna watu waliowahi kunisifu kwa hilo, wakasema nilikataa amri. Sikukataa. Nilijificha nyuma ya kamba. Kama ningekuwa mikono mitupu ningeshuka, na ninajua hivyo kwa sababu ninajijua. Askari wengine walishuka badala yangu, wakapindua nyavu na kumwaga omena mchangani, kazi ya siku nzima ya wanawake wale. Okeyo hakusogea mpaka nilipomaliza kukunja.

Baadaye nilihamishiwa Homa Bay mjini, nikaendelea na kazi, nikawa sajini, nikafundisha vijana kupaka roda mafuta. Nilistaafu nikarudi nyumbani karibu na Kehancha, ninalima mahindi na kusikiliza redio.

Siku hizi bendera ziko kila mahali. Vijana wa bodaboda wamezifunga kwenye vioo vya pikipiki, wasichana wamezivaa mkononi kama bangili, timu ikicheza watu wanajipaka hadi usoni. Hakuna anayewauliza nani amewapa. Nafurahi, na papo hapo moyo unaniuma, maana naziona nyuso za wale niliowanyang'anya. Filimbi nayo imenyamaza. Lakini soksi bado ipo kwenye magari ya wakubwa, na redio bado inatangaza wavuvi waliokamatwa na doria, na baada ya tangazo hilo mkubwa fulani anakuja hewani kutuhimiza tuipende nchi yetu. Tuliipenda. Tuliishona kwa mwamvuli na sketi. Mpenzi anayehitaji kuhimizwa ni yule mwingine.

Kwa askari kijana anayesoma haya, sina hekima nyingi ya kukupa. Mwananchi hana deni la heshima kwa mlingoti wako. Anaiweka bendera mahali anapoihitaji, na mara nyingi mahali hapo ni pa hatari, ambapo wewe na mkubwa wako hamfiki. Ukitumwa kuichukua, jua unamvua mtu nguo.

Mwaka niliostaafu nilivuka tena kwenda kile kisiwa. Okeyo alikuwa ameshafariki. Mama Awuor nilimkuta ufuoni, mgongo umepinda, akianika omena. Alinitambua kabla sijasema jina. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ile bendera. Aliendelea kutandaza kwa viganja, mkono wa kushoto, mkono wa kulia.

"Hizo bunduki," aliuliza hatimaye, "zilitakata?"

"Zilitakata, mama."

"Sawa," alisema, akasogea na ungo wake kwenye wavu mwingine.